PS2 ya kabatini: mwongozo kamili wa kufukua vitu ambavyo hukuwahi kuvigusa

PlayStation 2 (PS2), mashine ya magemu ya Sony, ilitoka Japan Machi 2000, ikaingia Marekani na Ulaya kabla mwaka huo haujaisha, na ikaendelea kuzalishwa hadi mwanzoni mwa 2013. Ziliuzwa mashine zaidi ya milioni 155. Nyingi kati ya zile tulizozijua huku kwetu zilikuja za mtumba: hazina boksi, hazina kitabu cha maelekezo, zimeshafungwa chip ya kusoma CD za kunakili, na pembeni kuna rundo la CD kwenye mifuko ya nailoni zilizoandikwa kwa maka peni. Tulichomeka, tukaweka mpira, tukaanza kugombania pedi.

Ndiyo maana vitu vingi ambavyo watu leo wanaviita siri za PS2 si siri hata kidogo. Vilikuwa vimeandikwa kwenye kile kitabu ambacho hakikuwahi kutufikia. Mwongozo huu unafanya kazi ya kitabu hicho, pamoja na mambo machache ambayo hata chenyewe hakikuyasema. Fuata hatua kwa mpangilio, maana za mwanzo ndizo zinazofanya za mwisho ziwezekane.

Hatua ya 1: Ijue mashine uliyonayo

Igeuze usome kibandiko. Utaona maandishi SCPH yakifuatiwa na tarakimu tano. Tarakimu za mwanzo zinakuambia toleo. Kuanzia 10000 hadi 50000 na kitu ni ile nene. Kuanzia 70000, iliyotoka 2004, ni ile nyembamba. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayotaja soko: 0 ni Japan, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni sehemu kubwa ya Ulaya. Kuna vighairi, kwa mfano 70012 ni ya Marekani.

Usilidharau jambo hili. Kwanza kuna umeme. Mashine nene ya Marekani imeandikwa 120V na ya Japan 100V, wakati ukutani kwako kuna 220 hadi 240. Kama kibandiko hakisemi kwamba inapokea umeme wetu, tafuta transfoma ya kushushia umeme kabla ya kuchomeka chochote. Kwa ile nyembamba yenye adapta ya nje, soma neno INPUT kwenye adapta yenyewe, kwa sababu huenda adapta ya awali ilishakufa zamani na mtu akaibadilisha. Pili, toleo ndilo linaloamua ni matundu gani yapo nyuma na ni vipengele gani utavipata ndani ya magemu. Tutayafikia yote mawili.

Hatua ya 2: Betri ya saa

Washa mashine bila kuweka CD. Ikikuuliza lugha na tarehe kila mara unapoiwasha, betri ya ndani imekufa. Ni betri ya kidonge ya CR2032, ileile inayokaa kwenye bodi za kompyuta, na bei yake ni ndogo. Katika baadhi ya matoleo inakaa kwenye kishikilio, katika mengine imechomelewa. Kama imechomelewa, mpelekee fundi wa simu mwenye mkono mwepesi, usiing'oe kwa bisibisi. Ukiiruka hatua hii mashine itafanya kazi tu, lakini saa itakuwa ya uongo, na utaona huko mbele kwamba kuna magemu yanayoitegemea.

Hatua ya 3: Ingia kwenye menyu ambayo hakuna aliyeingia

Hapa ndipo penye utajiri, kwa hiyo usiwe na haraka.

Mashine ikiwaka bila CD unapata maneno mawili tu: "Browser" na "System Configuration". Wengi walikutana na ukurasa huu pale tu CD ilipogoma kusoma, wakauona kama adhabu. Ingia "System Configuration". Ndani kuna saa, ukubwa wa skrini, sauti ya kidijitali, aina ya picha inayotoka, rimoti na lugha.

"Screen Size" ina 4:3, Full na 16:9. Kwenye TV ya chogo iache 4:3. Kwenye TV bapa weka 16:9, lakini usitegemee miujiza, kwa kuwa mpangilio huu unahusu zaidi sinema za DVD. Magemu mengi yana mpangilio wake wenyewe ndani ya "Options". "Component Video Out" usiiguse kama unatumia zile waya tatu za njano, nyeupe na nyekundu. Kama umepata waya za component, zile za picha nyekundu, kijani na bluu, chagua "Y Cb/Pb Cr/Pr". RGB ni kwa ajili ya waya za SCART za Ulaya. Ukichagua isiyolingana na waya ulizonazo, rangi za skrini zitavurugika. Rudi tu kwenye menyu uirekebishe.

Sasa toka urudi kwenye yale maneno mawili, kisha bonyeza pembetatu. Unafunguka ukurasa wa "Version Information", orodha ya matoleo ya sehemu za ndani. Inaonekana kama ukurasa wa kusomwa na fundi tu, na ndiyo maana hata mtu aliyefika hapo kwa bahati alirudi nyuma. Shuka hadi kwenye "PlayStation Driver" ubonyeze pembetatu tena. Unapata mambo mawili. "Disc Speed" unaweza kuitoa kwenye Standard ukaiweka Fast, na magemu ya PS1, yaani PlayStation ya kwanza, yatasoma CD kwa kasi zaidi. "Texture Mapping" ukiiweka Smooth, zile picha za PS1 zenye vijiboksi vinavyochoma macho zinalainishwa.

Kwa maoni yangu, Fast ni nzuri ila si kwa kila gemu, kwani baadhi hukwama. Smooth nayo inafaa kwenye magari na kwenye mandhari ya pande tatu. Kwenye magemu ya michoro bapa inachafua, herufi zinaonekana kama zimelowa. Jaribu moja baada ya nyingine, usiweke zote kwa pamoja, ili ukiona tatizo ujue limetoka wapi. Ukizima mashine mipangilio hii inarudi ilivyokuwa, kwa hiyo kila unapotaka kucheza PS1 unapitia njia hiyohiyo upya.

Katika baadhi ya matoleo, kwenye orodha ileile, ukisimama kwenye "Console" na kubonyeza pembetatu unakuta "Diagnosis". Iwashe, kisha weka ile CD inayosumbua. Mashine itajaribu kujirekebisha ili iisome vizuri. Haiponyi lenzi iliyochoka, lakini anza na hiyo kabla hujampa mtu ruhusa ya kukaza lenzi kwa bisibisi.

Hatua ya 4: Kadi ya kumbukumbu inajua mengi kukuhusu

Zima mashine, chomeka memori kadi yako ya zamani, uwashe huku ukiangalia skrini kwa makini. Ule ukungu wa bluu unaopita mwanzoni una minara ndani yake. Minara hiyo si urembo. Inajengwa kutokana na historia ya magemu uliyocheza, na historia hiyo imehifadhiwa kwenye kadi, ndani ya faili linaloitwa "Your System Configuration". Zima, chomoa kadi, washa tena, uone tofauti. Kadi ya mtu aliyecheza miaka mingi ina mji mzima. Kadi mpya ni ukungu mtupu.

Ingia "Browser", fungua kadi, chagua faili la gemu lolote. Utaona sanamu ndogo ikijizungusha. Peleka chaguo kwenye "Copy", kisha kwenye "Delete", bila kubonyeza. Katika magemu mengi sanamu inabadilisha mwendo, na kuna zinazoonyesha wazi kwamba hazijafurahia kufutwa. Watengenezaji walikaa wakachora mienendo mitatu ya kitu kidogo kuliko kucha, kwa ajili ya ukurasa ambao wengi waliutembelea ili kupata nafasi tu.

Ukiwa hapo fanya kazi ya maana: nakili mafaili yako kwenye kadi ya pili. Kadi halisi ya Sony ina MB 8. Zile za bandia zinazotangaza MB 64 au 128 zina sifa mbaya ya kufuta kila kitu bila taarifa, kwa hiyo usizifanye ghala lako pekee. Mafaili ya PS1 pia unaweza kuyahamishia kwenye kadi ya PS2 ili yakae salama, ila gemu la PS1 haliwezi kuyasoma yakiwa huko. Ukitaka kuendelea nalo unalirudisha kwenye kadi ya PS1. Na usichomoe kadi wakati mashine inaandika, hata kama mdogo wako anapiga kelele kwamba zamu yake imefika.

Hatua ya 5: Pima pedi yako

Pedi ya PS2, DualShock 2, ina kitu ambacho wachezaji wengi wa mpira hawakukigundua: vitufe vyake vinahisi nguvu ya kidole. X, mraba, duara, pembetatu, L1, L2, R1, R2 na mishale, vyote vinapima mkandamizo kwa ngazi 256. Visivyopima ni Start, Select, Analog na vile viwili vya kubonyeza kijiti.

Namna ya kuhakikisha: weka Gran Turismo 3 au 4, kandamiza X taratibu kama unayeogopa kuivunja, usikilize injini. Mngurumo ukipanda polepole kadiri unavyoongeza nguvu, pedi ni nzima. Ukiruka moja kwa moja hadi juu, pedi hiyo inajua kuwaka na kuzima tu, na pedi nyingi za bei rahisi ziko hivyo. Kipimo kingine ni Metal Gear Solid 2. Shika mraba, mhusika anainua bastola. Ukiachia ghafla anafyatua. Ukiachia polepole sana anaishusha bila kufyatua. Wengi waliocheza kwa pedi za bandia waliamini kwamba ukishainua silaha lazima umpige mtu.

Hatua ya 6: Sasa ingia ndani ya magemu

Hakuna orodha ya kukamilisha jambo hili, lakini ipo namna ya kutafuta. Fungua kila tawi la "Options" hata lile unaloona halikuhusu. Chomeka pedi ya pili kwenye gemu unalodhani ni la mtu mmoja. Acha kadi yenye mafaili ya gemu lililotangulia wakati unaanza jipya. Acha gemu kwenye ukurasa wa kwanza bila kugusa chochote, uone linaonyesha nini. Na ukiwa unasubiri lipakie, bonyeza vitufe.

Mifano ninayoipenda:

GTA San Andreas ya PS2 ina uchezaji wa watu wawili. Ndiyo, San Andreas hiyohiyo tuliyoicheza kwa kupokezana pedi mtu akifa. Sehemu mbalimbali za ramani kuna alama zenye umbo la watu wawili. Ikanyage ukiwa na pedi ya pili imechomekwa, na mwenzako anaingia mchezoni. Kamera ni moja, kwa hiyo hamwezi kuachana mbali, na mtagombana kuhusu hilo. Lakini mmoja anaendesha na mwingine anafyatua, na hiyo peke yake inatosha kwa jioni nzima.

Tekken 5 imebeba magemu mengine ndani yake: Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote katika umbo lake la mashine za kumbi za michezo, chini ya "Arcade History". Hata wakati gemu linapakia mwanzoni unaweza kurusha risasi katika StarBlade, gemu la zamani la Namco. Namco walikuwa na mtindo huo tangu PS1, ambako Ridge Racer ilikupa Galaxian ya kuchezea wakati unasubiri.

Gran Turismo 4 inakupa hadi krediti 100,000, yaani pesa za ndani ya gemu, ikikuta faili la Gran Turismo 3 kwenye kadi. Ina pia sehemu ya kupiga picha magari, na picha hizo unaweza kuzitoa kwenda kwenye flashi kupitia tundu la USB mbele ya mashine. Zamani waliokuwa na printa fulani za Epson walizichapa moja kwa moja.

Metal Gear Solid 3 ndiyo ile inayohitaji betri ya saa. Kuna mpambano na mzee mmoja mlenga shabaha anayeitwa The End. Ni mpambano mrefu msituni, unaweza kukuchukua saa nzima kumtafuta alipojificha. Hifadhi mchezo katikati ya mpambano, toka, ingia "System Configuration" ukasogeze tarehe mbele zaidi ya wiki moja, kisha rudi. Mzee amekufa kwa uzee. Watu wengine wanasema ni kudanganya. Mimi naona ni utani bora kuliko wote uliowahi kuwekwa kwenye gemu, lakini ucheze mpambano wenyewe angalau mara moja kwanza, maana ni mzuri sana kuukosa.

Kwa wapenzi wa mpira, sehemu ya "Edit" ya Pro Evolution Soccer ndiyo iliyolala kuliko zote. Huko unabadilisha majina ya timu na wachezaji na rangi za jezi, na unachora nembo nukta kwa nukta. Simba, Yanga, Gor Mahia na AFC Leopards zote zinachoreka. Nembo ya simba itakutoa jasho. Anza na yenye herufi. Hifadhi kila baada ya jezi moja.

Picha bora ni jambo la kupita haraka, kwa sababu linategemea nakala uliyonayo. Magemu kadhaa ya soko la Marekani yanakubali picha kali zaidi ya 480p ukishika X na pembetatu kwa pamoja wakati yanaanza, au kupitia "Options" kama ilivyo God of War. Gran Turismo 4 ya Marekani inafika hadi 1080i. Nakala za Ulaya mara nyingi ziliondolewa uwezo huo. Lazima uwe na waya za component. Ukiwasha kwa ile waya ya njano skrini itakuwa nyeusi, na dawa yake ni kuanza upya bila kushika vitufe. Ukiona mchezo unachelewa kufuata mkono kwenye TV bapa, usilaumu pedi kabla hujawasha hali ya gemu kwenye mipangilio ya TV. TV ya chogo haina shida hiyo, na kama unayo usiitupe.

Ukiwa na PlayStation ya kwanza pia, ile ya kijivu, jaribu CD zako za muziki. Vib-Ribbon inakuruhusu kutoa CD ya gemu, kuweka ya muziki, na wimbo wako unageuka kuwa njia ya vikwazo. Monster Rancher inazalisha kiumbe kutokana na CD yoyote unayoiweka, kila CD na kiumbe chake. Na Ridge Racer, kwa kuwa inapakiwa yote kwenye kumbukumbu, haiihitaji tena CD yake mbio zikianza, kwa hiyo unaweka taarabu unaendesha. Metal Gear Solid ya 1998 ina mtu anayeitwa Psycho Mantis ambaye anasoma memori kadi yako na kukutajia magemu mengine ya Konami uliyocheza, na humpigi kirahisi mpaka uhamishe pedi kwenye tundu la pili. Gemu hilohilo linakudai masafa ya redio ambayo yameandikwa nyuma ya boksi la CD. Wenye CD kwenye mfuko wa nailoni walikwama hapo. Masafa ni 140.15.

Hatua ya 7: Matundu ya nyuma na mbele

Tundu dogo la "DIGITAL OUT" lipo kwenye kila toleo. Ukiwa na redio kubwa inayopokea waya wa mwanga, washa kipengele chake kwenye "System Configuration" na DVD za sinema zitatoa sauti ya spika za kuzunguka chumba. Kwa magemu faida ni ndogo zaidi, ila sauti inakuwa safi.

Mashine nene za kabla ya familia ya 50000 zina tundu la mbele liitwalo S400, yaani i.LINK. Kwa Gran Turismo 3 liliunganisha mashine hadi sita, kila moja na TV yake. Nyuma ya ile nene, isipokuwa zile za mwanzo kabisa za Japan, kuna nafasi kubwa ya diski kuu na kifaa cha mtandao. Ile nyembamba haina nafasi hiyo, badala yake ina tundu la waya wa mtandao. Kuanzia 50000 kipokea rimoti kimo ndani ya mashine, kwa hiyo usinunue kile cha kuchomeka kwenye tundu la pedi kama huna haja nacho.

Hatua ya 8: Andika gemu lako mwenyewe

Mashine nene za mwanzo za Ulaya ziliuzwa pamoja na CD ya majaribio, na ndani yake kulikuwa na YABASIC, lugha ndogo ya kuandikia programu. Sony waliiweka wakitaka Ulaya iihesabu PS2 kuwa kompyuta, ili ushuru upungue. Kwa hiyo kama mashine yako ina 3 au 4 mwishoni na ulipewa CD ambazo hukuwahi kuzifungua, zipekue kabla hujafanya mengine yote.

Ukiipata, chomeka kibodi ya kawaida ya USB. Herufi zinaandikika kwa pedi pia, lakini utachoka kabla ya mstari wa tatu. Andika FOR i=1 TO 10, mstari unaofuata PRINT i, kisha NEXT i, uiendeshe. Namba kumi zinashuka kwenye TV. Kutoka hapo ongeza IF na INPUT na tayari una mchezo wa kubahatisha namba. Programu zinahifadhiwa kwenye memori kadi, na huchukua nafasi kidogo mno ukilinganisha na faili la msimu wa mpira, kwa hiyo hakuna sababu ya kufuta kitu chochote ili kuipisha.